Mgonjwa wa mionzi asikatishwe dozi katikati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na familia za huku kwetu Iringa, Njombe na Mbeya zenye mgonjwa wa saratani aliyekwisha kuanza tiba ya mionzi, au anayesubiri zamu yake ya kwenda kuianza. Nina jambo moja tu la kuwaambia, nalo ni kwamba mgonjwa huyo asirudishwe nyumbani katikati ya dozi, hata akionekana amepata nafuu, hata kukitokea msiba, hata mahindi yakiwa yanaoza shambani. Sababu yake imo ndani ya seli yenyewe, na kwa kuwa nimefundisha baiolojia katika shule za sekondari kwa miaka 31, naomba nivumiliwe nikiieleza kwa kirefu kidogo, kwa maana nimeona kwamba mtu akiambiwa amalize dozi bila kuelezwa kwa nini, hulichukua agizo hilo kuwa ni ukali wa wauguzi tu.

Nina deni pia katika jambo hili. Dada yangu, mkulima wa wilaya ya Mufindi, aligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, akapangiwa mionzi ya nje mara 25, yaani Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, pamoja na dripu ya dawa mara moja kwa wiki, na baada ya hapo mionzi ya ndani, yaani inayotolewa kwa kifaa kinachoingizwa ndani ya mwili. Alipanda basi kwenda Dar es Salaam akiwa na mfuko mmoja wa nguo na mchele kilo kumi. Baada ya siku ya kumi ya mionzi, damu iliyokuwa ikimtoka kwa miezi minane ilikatika, akanipigia simu huku analia kwa furaha. Alipotimiza siku ya 14 mjomba wetu alifariki dunia, na fedha za chakula nazo zilikuwa zimekwisha. Ukoo ukakaa kikao, ukaona ni vema arudi azike, apumzike, apate nguvu, kisha amalizie baadaye. Mimi niliulizwa kama mtu aliyesoma, nikasema ni sawa. Alikaa nyumbani siku 23.

Kadi yake ya matibabu ninayo hadi leo. Ina visanduku 25 vilivyopangwa katika mistari mitano, na 14 vya mwanzo vimetiwa alama kwa kalamu ya bluu, siku kwa siku, bila kuruka hata moja isipokuwa za mwisho wa wiki; cha 15 kina tarehe ya mwezi mwingine, na alama yake ni ya kalamu nyeusi. Alimaliza vyote, lakini ugonjwa ulirudi, na mwaka uliofuata tulimzika. Sithubutu kusema kwamba ni siku hizo 23 peke yake zilizomwondoa, kwa sababu saratani yake ilikuwa imekwisha kukua alipogundulika. Ninachoweza kueleza ni mambo yanayotokea ndani ya uvimbe katika siku kama hizo, mambo ambayo nilikuwa nikiyafundisha darasani kila mwaka na sikuyakumbuka siku ile niliyoulizwa.

Ndani ya kiini cha kila seli ya mtu kuna vinasaba, yaani DNA, ambavyo vikinyooshwa vinafikia urefu wa takriban mita mbili, navyo vimefungwa katika kromosomu 46. Seli inayotaka kugawanyika lazima kwanza ikue, kisha inakili vinasaba vyote, kisha ikague nakala yake, ndipo igawanyike. Katikati ya hatua hizo kuna vituo vya ukaguzi, ambavyo wanafunzi wangu walivielewa upesi nilipovifananisha na mizani ya barabara kuu ya kutoka Tunduma kwenda Dar es Salaam. Lori haliendelei na safari mpaka lipimwe, na likizidisha uzito huwekwa kando mpaka kasoro yake irekebishwe. Katika seli, mizani ya kwanza iko kabla vinasaba havijaanza kunakiliwa, ya pili iko kabla seli haijaanza kugawanyika, na ya tatu iko katikati ya kugawanyika kwenyewe, ambapo huhakikishwa kwamba kila kromosomu imeshikwa sawasawa pande zote mbili kabla ya kuvutwa.

Wasomaji wa mikoa yetu, ambako ulanzi na komoni ni vitu vya kila siku, huenda wakapenda kujua kwamba sehemu kubwa ya elimu hii imetokana na chachu ya pombe. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alieleza chachu iliyopatikana katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaipa jina la kisayansi ambalo neno lake la pili ni hili hili letu, pombe. Katika miaka ya 1970 Mwingereza Paul Nurse, akifanya kazi Edinburgh, alizichunguza chachu za aina hiyo zilizokuwa zikigawanyika zikiwa bado ndogo kuliko kawaida, na kwa njia hiyo akaitambua jeni, yaani kipande cha vinasaba, inayoamua ni lini seli igawanyike. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walionyesha kwamba jeni ya binadamu ikiwekwa ndani ya chachu ambayo jeni yake imeharibika, chachu hiyo hugawanyika vizuri kabisa. Maana yake ni kwamba mtambo unaoigawa chachu ya pombe na mtambo unaoigawa seli ya mwanamke wa Mufindi ni mmoja. Nurse alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Leland Hartwell, aliyefanya kazi kama hiyo kwa hamira ya mikate, na Tim Hunt, aliyegundua protini zinazojengwa na kubomolewa kila seli inapogawanyika.

Msimamizi wa mizani ya kwanza ni protini iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Katika seli iliyo salama protini hiyo hutengenezwa na kuharibiwa wakati wote, hivyo kiasi chake hubaki kidogo. Uzi wa vinasaba ukikatika, protini nyingine zinazolinda doria hulitambua jeraha hilo kwa dakika chache na kuzuia p53 isiharibiwe. Nayo hujaa ndani ya kiini na kuwasha jeni zinazousimamisha mtambo wa kugawanyika mpaka jeraha litengenezwe. Jeraha likiwa kubwa mno, p53 hiyo hiyo huamuru seli ijiue, ili isiwarithishe watoto wake vinasaba vilivyoharibika. Tembo wa Afrika, wakiwemo wale wa Ruaha, wana takriban nakala 20 za jeni ya protini hii mahali ambapo sisi tuna moja, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba seli zao zikijeruhiwa hujiua kwa wepesi kuliko zetu. Mnyama mwenye seli nyingi kiasi hicho, anayeishi miaka mingi kiasi hicho, hufa kwa saratani mara chache kuliko binadamu, na watafiti wanaihesabu jeni hiyo kuwa mojawapo ya sababu.

Katika takriban nusu ya saratani zote za binadamu jeni ya p53 imeharibika. Katika saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huku kwetu ndiyo inayozigusa nyumba nyingi, mara nyingi jeni yenyewe ni nzima, ila kirusi kiitwacho HPV, kinachosababisha saratani hii, kinaiharibu protini kila inapotengenezwa. Kirusi hiki hakina mtambo wake wa kujinakili, kwa hiyo huutumia wa seli, na ili mtambo huo uendelee kuzunguka hata pale ambapo seli ilikuwa imekwisha kuacha kugawanyika, kirusi hutoa protini mbili. Moja huikamata na kuizima protini iitwayo RB, ambayo ndiyo kizuizi cha lango la kunakili vinasaba. Kitendo hicho peke yake kingeiamsha p53, kwa hiyo protini ya pili ya kirusi huishika p53 na kuipeleka ikabomolewe. Kwa miaka mingi nimelitazama jambo hili na bado linanishangaza, kwamba kitu kisicho na uhai kamili kimejua kuwaondoa walinzi wawili wa lango moja kwa wakati mmoja. Seli za Henrietta Lacks, mama aliyefariki Marekani mwaka 1951 kwa saratani hii hii, bado zinagawanyika katika maabara duniani kote, kwa sababu kirusi cha HPV aina ya 18 kilichomo ndani yake bado kinaifanya kazi hiyo.

Sasa nije kwenye mionzi. Mashine haichomi uvimbe kama moto unavyochoma nyasi, wala mgonjwa wa mionzi ya nje harudi nyumbani akiwa na mionzi mwilini ya kuwadhuru watoto, kama nilivyosikia watu wakisema kwenye daladala. Mionzi hupita, na inapopita hukata nyuzi za vinasaba. Kipimo cha grei moja (grei ni kizio cha kupimia mionzi) hukata nyuzi zote mbili kwa pamoja katika sehemu kati ya 20 na 40 za kila seli inayopitiwa, na dozi ya siku moja kwa kawaida ni kama grei mbili. Dawa ya dripu inayoitwa sisplatini, yenye madini ya platinamu, hushika vinasaba na kuvifunga pamoja, ikayafanya majeraha hayo yawe magumu kutengenezwa.

Seli zenye afya za jirani, za kibofu na za utumbo, nazo hujeruhiwa. Lakini zenyewe zina mizani zote, kwa hiyo husimama na kutengeneza sehemu kubwa ya majeraha yao kabla ya dozi ya kesho yake, na hii ndiyo sababu ya kuigawa dozi katika vipande vidogo vya kila siku. Seli ya saratani, ambayo mizani yake ya kwanza imevunjwa, hupita na majeraha yake. Bado inaitegemea mizani ya pili, ambayo kwa kawaida haijavunjika, na hapo hutengeneza baadhi ya majeraha kwa haraka na kwa makosa. Yaliyobaki huingia nayo katika kugawanyika, kromosomu zake zikavutwa huku na huku zikiwa vipande, na seli ikafa. Nyingine hufa baada ya kugawanyika mara moja au mbili, na ndiyo maana uvimbe huendelea kupungua hata wiki kadhaa baada ya mionzi kumalizika.

Hesabu yake niliiandika ubaoni mara nyingi, na naomba msomaji achukue kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba uvimbe una seli bilioni moja, na kwamba kila siku ya mionzi huua nusu ya seli zilizokuwapo. Baada ya siku kumi zimebaki karibu milioni moja, kati ya elfu imebaki moja. Damu imekatika, maumivu yametulia, na mgonjwa anajiona amepona. Baada ya siku 14 zimebaki kama 61,000. Baada ya siku zote 25 zimebaki kama 30, na hapo mionzi ya ndani huja kumalizia. Tazama basi kwamba nafuu anayoiona mgonjwa na familia yake huja mapema sana, na kwamba siku zinazobaki, ambazo kwa macho hazionekani kuongeza kitu, ndizo zinazoamua kama ugonjwa utarudi.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Seli chache zinazonusurika hazikai kimya. Uvimbe unapopungua, zilizobaki hupata hewa na chakula kwa wingi kuliko awali, na katika saratani ya mlango wa kizazi, kuanzia takriban wiki ya tatu au ya nne ya tiba, huanza kugawanyika kwa kasi kuliko zilivyokuwa zikigawanyika kabla ya tiba. Turudi kwenye mfano wetu. Seli 61,000 zikiachwa bila kuguswa kwa siku 23, na zikawa zinaongezeka maradufu kila siku nne, zinafika zaidi ya milioni tatu. Mgonjwa aliyeondoka akiwa amefika siku ya 14 amerudi akiwa mahali alipokuwa kati ya siku ya nane na ya tisa. Wala daktari hawezi kuanza upya na kumpa nyingine 25 juu ya zile alizokwisha kupata, kwa sababu kibofu na utumbo vina kiwango cha mwisho cha mionzi vinachoweza kukibeba maishani, na sehemu yake imekwisha kutumika. Nilikaa na karatasi hii ya hesabu usiku mmoja baada ya mazishi ya dada, na tangu hapo sijaweza kunyamaza.

Kutokana na hayo, matibabu yote ya saratani ya mlango wa kizazi, mionzi ya nje pamoja na ya ndani, hupangwa yamalizike ndani ya wiki nane, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa hupungua kwa nusu asilimia hadi asilimia moja kwa kila siku inayozidi hapo. Mgonjwa akikosa siku kwa sababu isiyozuilika, iwe ni homa au damu kupungua, familia isiseme tu kwamba ataendelea atakapoweza. Iwaulize wataalamu siku hiyo hiyo jinsi ya kuifidia. Zipo njia, kama vile kupewa dozi mbili kwa siku moja zikitenganishwa kwa saa sita au zaidi, au kutibiwa Jumamosi, lakini uamuzi huo ni wao na unahitaji waambiwe mapema.

Kuhusu kinga nitasema kwa kifupi. Kutoka kuambukizwa HPV hadi saratani kutokea hupita miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, na huweza kupita mitano hadi kumi tu kwa mwenye maambukizi ya VVU yasiyotibiwa. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Kwa hiyo mama wa huku kwetu ana sababu kubwa kuliko wengine ya kwenda kupakwa siki na kuangaliwa mlango wa kizazi, kipimo cha dakika chache kinachoonyesha seli zilizoanza kubadilika zikiwa bado zinaweza kuondolewa hapo hapo bila mionzi wala safari. Mabinti nao wapelekwe kuchanjwa. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wenye umri wa miaka 14, na mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14.

Kwa mgonjwa aliyekwisha kuugua, kinachomkatisha dozi mara nyingi ni nauli, malazi na chakula. Kutoka Iringa hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 500, na kutoka Mbeya ni zaidi ya 800. Hakuna anayeweza kwenda na kurudi, lazima akae huko karibu miezi miwili. Sisi ni watu wa kuchanga. Msiba ukitokea, daftari linapita nyumba kwa nyumba na kabla ya jua kuzama fedha ya jeneza, ya basi na ya ng'ombe imepatikana. Naomba viongozi wa vijiji, makanisa na misikiti wakubali daftari kama hilo lipite siku mgonjwa anapopewa tarehe ya kuanza mionzi, nalo lihesabu wiki nane kamili tangu mwanzo, kodi ya chumba, chakula chake na cha anayemwuguza, na kibarua wa kumpalilia shamba. Na msiba ukitokea huku nyuma, hata ukiwa wa mtu wa karibu kiasi gani, wazee waamue mapema kwamba mgonjwa ataomboleza huko huko aliko.

Mama mmoja wa mtaa wetu anaanza mionzi Jumatatu ijayo. Nimemchorea mwanawe mkubwa visanduku 25 kwenye karatasi ngumu, tumepanga nani atampigia simu siku gani, na fedha ya wiki nane imekwisha kukabidhiwa kwa dada yake atakayesafiri naye. Maharage yake yako tayari kung'olewa, na tumekubaliana kwamba tutayang'oa sisi.

Wako,

Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Iringa.